Sini ya karani na mkulima: shajara ya filamu fupi, Hombolo, Dodoma

Juni. Skripti

Filamu ina dakika 18, na sini hii peke yake inakula karibu 4. Kabla yake Sesilia na Chiwanga ni karani na mkulima, basi. Baada yake mtazamaji lazima aamini kwamba Sesilia anaweza kuhatarisha ajira kwa ajili ya huyu bwana. Hakuna busu, hakuna kukumbatiana, hakuna "nakupenda". Kuna ukaguzi wa Bodi ya Filamu, ndiyo, lakini sababu kubwa ni sebule: filamu inatazamwa mama mkwe akiwa kwenye kochi la pili, na midomo ikikutana tu kila mtu anaanza kutafuta rimoti. Wakinyimwa busu wanabaki wanaangalia.

Sesilia ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anazunguka mashambani kupima sukari ya zabibu kabla ya kuvuna. Kipimo chake kinaamua kama mstari unavunwa wiki hii au unaachwa. Chiwanga ana deni la pembejeo na anataka kuvuna leo. Shangazi yake anachuma mstari wa jirani, na masikio yake hayana likizo. Karani akionekana anachekacheka na mkulima, jioni kijiji kizima kinajua kipimo kimenunuliwa. Wote wawili wana sababu ya kusogeleana na sababu nzito ya kutosogeleana. Mvuto wa sini unatoka hapo. Toleo la mwanzo halikuwa na shangazi wala deni. Lilikuwa na mwanaume anayesifia macho, mwanamke anayeinamisha kichwa, na kinanda. Lilisomeka vizuri na lilikuwa limekufa, maana mtu akishasema "unanivutia" dakika ya kwanza, dakika tatu zinazofuata hana kazi.

Toleo linalotumika:

SESILIA: Mstari huu bado, kaka Chiwanga.
CHIWANGA: Bado nini, dada karani?
SESILIA: Tunataka ishirini na mbili. Hii ni kumi na nane.
CHIWANGA: Hayo ni macho yako.
SESILIA: Tumia ya kwako basi. *(Anampa kipima sukari.)*
CHIWANGA: Mbona giza?
SESILIA: Umeelekeza chini. *(Anamshika kiwiko, anakiinua.)* Kwenye mwanga.
CHIWANGA: Naona bluu.
SESILIA: Inaishia wapi?
*(Kimya.)*
CHIWANGA: Kumi na nane.
SESILIA: Wiki ijayo atakuja mtu apime tena.
CHIWANGA: Mtu gani?
SESILIA: Chama kina watu.
CHIWANGA: Macho yao siyajui.
SHANGAZI *(haonekani)*: Chiwanga, baba! Kreti zimejaa huku!
SESILIA: Nenda, shangazi anaita.
CHIWANGA: Sesilia.
SESILIA: Nenda.

Kila sentensi imepitishwa kwenye mtihani mmoja: shangazi akiisikia kutoka ng'ambo ya mizabibu, je, ataelewa habari ya zabibu tu? Ikionekana ni habari ya mapenzi, inatoka. "Macho yao siyajui" imepona kwa sababu inaweza kuwa lawama kwa chama, na hapohapo ndiyo sifa pekee anayopewa mwanamke katika sini nzima.

Jina "Sesilia" linatajwa mara moja, mwishoni. Mpaka hapo ni "dada karani". Waigizaji wetu wana mazoea ya kujazia majina kila wanapokosa la kufanya ("sikiliza Sesilia", "sasa Sesilia"), na likichomoza popote mapema, ule mstari wa mwisho unakuwa hewa. Msimamizi wa skripti amepewa kazi ya kulinda neno hilo moja.

Pembeni ya kila mstari kimeandikwa kitendo, bila hisia. Upande wa Sesilia: kumzuia, kumpa changamoto, kumfundisha, kumkimbia. Upande wa Chiwanga: kubisha, kujifanya hajui, kukiri, kuomba. Pale kwenye "Mbona giza?", Chiwanga anajua kutumia kifaa, anajifanya. Maelezo hayo yako kwenye nakala ya mwigizaji wa Chiwanga tu. Mwigizaji wa Sesilia hajaambiwa, ili amsahihishe kwa dhati.

Julai. Kipima sukari

Sini za kutongozana zinahitaji kitu cha tatu, kitu ambacho mikono inakishughulikia wakati watu wanashughulikiana. Kikombe cha chai kimechoka, simu imechoka zaidi. Hapa ni refraktomita ya mkononi, yaani kipima sukari, na imestahili maelezo marefu kuliko kitu kingine chochote kwenye mradi.

Jinsi kinavyofanya kazi: fungua kifuniko, dondosha matone 2 au 3 ya maji ya zabibu juu ya kioo cha prizimu, funika taratibu kusibaki mapovu, elekeza kwenye mwanga, sogeza jicho. Juu unaona bluu, chini weupe. Pale vinapokutana ndiyo namba yako. Vifaa vya zabibu vingi vina skeli ya 0 mpaka 32 za Brix, yaani kipimo cha sukari. Kabla ya kazi unaweka maji yaliyochujwa kwa mvuke na kurekebisha skrubu ndogo mpaka isome 0. Zabibu za mvinyo kwa kawaida huvunwa zikiwa kati ya 20 na 24, ndiyo maana 22 inaaminika kama lengo na 18 inaaminika kama "bado". Hombolo, Mpunguzi na Makutupora ni watu wa zabibu. Wakisikia karani anadai 35, filamu imekwisha kwao.

Jambo jingine la ukweli lililopanga sini: zabibu ikishachumwa haiongezi sukari tena. Haiivi ndani ya kreti kama ndizi. Kwa hiyo kipimo lazima kifanyike zabibu zikiwa bado kwenye mti, watu wawili wakiwa wamesimama katikati ya mistari, jambo ambalo kwa kamera ni bahati, kwa sababu mistari inawabana bila mtu kulazimisha.

Faida kubwa ya kifaa ni kwamba anayekitumia anafumba jicho moja na la pili linazama ndani ya lenzi. Kwa sekunde nane Chiwanga haoni kitu kingine. Sesilia anapata ruhusa ya kumtazama bila kutazamwa, na mtazamaji anapata ruhusa ya kumwona akitazama. Sini nzima imejengwa kuzunguka hizo sekunde nane. Anaposhusha kifaa, macho ya Sesilia yanatakiwa yawe yanaondoka tayari ila yamechelewa nusu sekunde. Yakiwahi, hakuna siri iliyofichuka. Yakibaki palepale, amekuwa mkavu wa macho, na huyo si Sesilia.

Kushika kiwiko: kiganja ni mapema mno, na bega ni la kirafiki. Kiwiko kinaruhusiwa na kazi yenyewe, kwa sababu anayefundisha kipimo kweli hukiinua kiwiko cha mwenzake ili kifaa kielekee juu. Vidole viwili chini ya kiwiko, dole gumba halizungushwi. Mguso unaanza kwenye neno "chini" na unatakiwa uwe umekwisha kwenye "naona bluu", ila vidole vinabaki mpaka "inaishia wapi". Hiyo ziada ndiyo mtongozo. Chiwanga haondoi mkono, wala hausogezi.

Yanayoharibika. Maji ya zabibu yanakauka juu ya kioo kama gundi na teki inayofuata haisomeki. Kitambaa chenye unyevu na maji safi viwe mfukoni mwa mtu wa vifaa, na kioo kifutwe kila baada ya teki. Namba hubadilika kutoka punje hadi punje, kwa hiyo kwenye shoti za ndani ya kifaa hakuna zabibu kabisa: gramu 18 za sukari kwenye gramu 82 za maji zinasoma 18 kila mara, kwa kuwa nyuzi za Brix ni gramu za sukari katika gramu 100 za mchanganyiko. Shoti hiyo inapigwa kwa simu, lenzi yake ya kawaida ikigusana na jicho la kifaa, fokasi imefungwa, kisha inakatwa kuwa duara kwenye uhariri. Nyuki nao wanafuata sukari. Ndoo ya makapi ya zabibu iwekwe mbali, upande upepo unakoelekea, na punje zilizominywa zisiachwe chini ya miguu ya waigizaji. Rangi ya zabibu nyekundu ya Makutupora haitoki kwenye shati jeupe kwa kufuta. Mashati ya Chiwanga yawe mawili yanayofanana, yote yamefuliwa mara kadhaa ili yachakae sawa.

Julai. Vibali

Maombi yamekwenda Bodi ya Filamu pamoja na skripti, kama Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inavyotaka kibali kabla ya kupiga picha. Barua ya serikali ya kijiji na makubaliano ya maandishi na mwenye shamba vimo kwenye faili moja, nakala kwenye gari. Mwenye shamba analipwa zabibu zitakazoharibika kwa kilo, kwa bei ya siku hiyo.

Mwishoni mwa Julai. Mazoezi

Mwigizaji wa Chiwanga na wa Sesilia hawakuwa wanajuana. Hilo halijatushughulisha sana. Watu wengi wanaamini kemia ipo au haipo. Kwenye picha, sehemu kubwa ya kinachoitwa kemia ni kusikilizana, na kusikilizana kunafundishika. Zoezi la kurudiarudia la Mmarekani Sanford Meisner, mwalimu wa uigizaji, linafaa kwa Kiswahili bila marekebisho. Wanakaa wakitazamana, mmoja anasema anachokiona: "Umekunja mikono." Mwenzake: "Nimekunja mikono." Wanarudia mpaka kitu kibadilike chenyewe: "Umetabasamu." "Nimetabasamu." Dakika 10 kila mwanzo wa mazoezi. Anayebuni badala ya kuona anasimamishwa. Baada ya muda wanaacha kungoja zamu ya kusema na wanaanza kujibu pumzi, na hapo ndipo mistari ya skripti inaingizwa.

Makubaliano ya mguso yameandikwa kwenye karatasi moja: nani anamgusa nani, wapi, kwa vidole vingapi, kwenye neno gani, na nini hakipo. Wote wawili wamesaini, na dairekta haruhusiwi kuongeza kitu lokesheni bila kusimamisha kazi na kuuliza kila mmoja pembeni. Tangu 2018, HBO, televisheni ya Marekani, walipotangaza kutumia waratibu wa sini za faragha kwenye vipindi vyao, kazi hiyo imekuwa ya kawaida huko nje. Sisi hatuna mratibu, tuna karatasi na msaidizi wa dairekta wa kike mwenye mamlaka ya kusema "kata". Inaweza kuonekana ni utaratibu mzito kwa kiwiko. Lakini mwigizaji anayejua mguso utaishia wapi anaacha kuulinda mwili wake, na kamera inaona.

Kuhusu umbali: Edward T. Hall, Mmarekani aliyepima nafasi kati ya watu, aliandika mwaka 1966 kwamba chini ya sentimita 46 ni eneo la faragha, mpaka mita 1.2 ni la watu wanaojuana, na mpaka karibu mita 3.7 ni la shughuli za kawaida. Vipimo vyake ni vya Wamarekani wa tabaka la kati. Karani wa kike na mkulima wa kiume wasio ndugu, shangazi akiwa jirani, mita 1.2 tayari ni ujasiri. Kwa hiyo sini inaanzia mita 2.5, kreti ikiwa katikati. Kifaa kinapokabidhiwa wako mita 1, mikono imenyooshwa mpaka mwisho. Kwenye kiwiko wako sentimita 40. Muhimu kuliko zote ni hatua isiyopigwa: kipimo kikishasomwa hakuna sababu ya kikazi ya kubaki pale, na hakuna anayerudi nyuma. Alama zimewekwa kwa vijiti vilivyofukiwa, vichwa vikichungulia kidogo, maana mkanda wa rangi haushiki kwenye vumbi.

Jambo moja lilibadilisha mpangilio wote. Chiwanga akisimama upande wa mdomo wa mstari, Sesilia anakuwa amefungiwa kati ya mwanaume na waya, na mistari ileile ya mazungumzo inageuka tishio. Maneno hayajabadilika hata moja. Tumewapindua: Sesilia ndiye aliye karibu na njia ya kutokea, Chiwanga ndiye aliye ndani. Sasa kila sekunde anayobaki ni uamuzi wake, na mtazamaji anauona uamuzi huo bila kuelezwa. Kwa sababu hiyohiyo kamera iko kwenye kimo cha macho ya Sesilia. Chiwanga ni mrefu kwa karibu sentimita 20. Sesilia anasimama juu ya tuta na Chiwanga kwenye mfereji, tofauti inapungua kwa nusu na fremu inatulia.

Kuhusu macho, watafiti wa University College London waliwapima watu karibu 500 na kutoa matokeo 2016: kutazamana kunakowastarehesha watu wasiojuana ni wastani wa sekunde 3.3. Tunatumia namba hiyo kama uzio. Mwanzoni hakuna mtazamo unaofika sekunde 2. Baada ya "Macho yao siyajui" unavuka 4, na ukumbi mzima unapaswa kuhisi umezidi kidogo. Waigizaji hawahesabu, msimamizi wa skripti ndiye mwenye saa.

Agosti. Mwanga na ngozi

Kwenye skripti ni jioni. Katikati ya Agosti jua la Dodoma linazama kama saa 12:40 na linashuka karibu wima, kwa hiyo mwanga mlaini wa kabla ya kuzama unadumu takribani dakika 40 hadi 45. Hazitoshi kwa dakika 4 za mazungumzo zenye pembe nyingi. Pia jioni bado kuna upepo. Suluhisho ni kupiga asubuhi na kuiita jioni: jua linachomoza kama saa 12:45, vivuli ni virefu vilevile, watu wanageuzwa tu. Tofauti ni kwamba jioni hewa imejaa vumbi na jua ni jekundu zaidi. Mizani ya weupe imefungwa kwenye Kelvin 5600, joto la rangi linaongezwa baadaye kwenye uhariri. Kamera ikiachwa ijirekebishe yenyewe, kila shoti itakuwa na asubuhi yake.

Jua limewekwa nyuma ya waigizaji, kwa pembe. Ngozi nyeusi haichongwi vizuri na mwanga wa kumulikwa usoni moja kwa moja. Inachongwa na kile inachokiakisi. Bodi nyeupe ya foumu ya mita 1 kwa 2, ikiwa ubavuni na nyuma kidogo ya uso, inatoa mstari wa mng'ao kwenye shavu na taya. Upande wa pili tumetundika kaniki ili mwanga wa mchanga usirudi na kuusawazisha uso. Kwenye wevufomu, grafu ya mwangaza wa picha, uso wa Chiwanga umekaa kati ya asilimia 35 na 45, wa Sesilia karibu 50. Anayeinua uso wa Chiwanga mpaka 60 "aonekane" anaunguza anga na kuifanya ngozi iwe ya kijivu.

Hewa ya Agosti ni kavu, ngozi inapauka ndani ya saa moja. Mafuta ya mgando kidogo mno, yakandamizwe kwa tishu, na midomo ipakwe dakika 20 kabla ili isikamatwe iking'aa. Asubuhi ni baridi pia, na mikono mitupu inatoa vipele. Kwenye shoti ya kiwiko vipele hivyo husomeka kama msisimko, kwa hiyo mwigizaji wa Chiwanga anavua koti sekunde chache kabla ya "akshen". Anastahili chai ya tangawizi.

Kanga ya shangazi imegeuzwa ili maandishi yake yasisomeke. Anapita nyuma mara moja tu, lakini jina la kanga likionekana hata kwa sekunde moja, watazamaji watalichukua kama maoni yake kuhusu wale wawili.

Agosti. Upepo na sauti

Kuanzia saa 4 asubuhi upepo wa kusini mashariki unachangamka na hauachi mpaka giza. Mazungumzo yote yanamalizwa kabla ya hapo. Mchana ni wa shoti zisizo na sauti: mikono, majani, kreti, shoti ya ndani ya kifaa.

Maiki ya fimbo iko juu, imevikwa manyoya, sentimita 50 kutoka midomoni kwenye shoti za karibu. Maiki za kifuani zipo kama akiba. Kitenge chenye nta kinakwaruza, kwa hiyo ya Sesilia imefungwa kwenye mtandio, mbali na mkunjo. Ya Chiwanga iko chini ya kola, kipande cha plasta juu na kingine chini ya waya.

Tatizo kubwa zaidi ni mnong'ono. Waigizaji wakiambiwa shangazi anasikia, wananong'ona, na mnong'ono ni hewa tupu: unafanana na upepo, na kwenye spika ya simu unapotea. Maelekezo yaliyofanya kazi: ongea chini, kifuani, kama unayezungumza na mtu aliyelala nusu. Koo lazima itetemeke. Anayetaka kuhakiki aweke vidole kooni.

Mwisho wa kila mpangilio inarekodiwa sekunde 60 za ukimya wa shamba, watu wote wakiwa palepale walipo. Bila hiyo, ule "kimya" wa kwenye skripti utakuwa shimo.

Agosti. Kamera

Sensa ni ya ukubwa wa Super 35, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Lenzi zinapanda kadiri watu wanavyosogeleana: milimita 35, 50, 85. Mwanzoni kamera iko pembeni, nyuzi kama 45 kutoka mstari wa macho yao, na nyuso zinaonekana kwa ubavu. Baada ya kiwiko inasogea mpaka nyuzi 10, macho yanapita jirani kabisa na lenzi. Mstari wa nyuzi 180, ule wa kufikirika unaowaunganisha waigizaji wawili, hauvukwi popote. Kuna mwenye kupendekeza kuvuka pale wanapogusana, "kuonyesha maisha yamegeuka". Kati ya mistari miwili ya mizabibu inayofanana, mtazamaji atadhani wamebadilishana nafasi.

Kabla ya mguso, kila mmoja yuko peke yake kwenye fremu yake. Baada ya mguso, kila fremu ina kipande cha mwenzake: bega, sikio, ukingo wa mtandio. Sesilia anarudi kuwa peke yake kwenye "Nenda" ya mwisho. Hatutarajii mtu aone mpangilio huu. Tunatarajia ahisi kuna nafasi imebaki wazi.

Fokasi kwenye 85: kwa f/2, yaani tundu la lenzi likiwa limefunguliwa sana, umbali wa mita 1.5, kina kilicho ndani ya fokasi ni kama sentimita 2.5. Mwigizaji akipumua kwa nguvu, jicho limetoka. Kwa f/4 kinafika sentimita 5, inatosha kuegemea mbele. Uzuri wa mandharinyuma iliyoyeyuka hauna maana kama kope ndiyo iliyo wazi badala ya mboni, na kwa vile mizabibu ya nyuma iko mbali, f/4 bado inaiyeyusha. Lenzi zinabadilishwa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Vumbi la Dodoma ni laini, na likikaa kwenye sensa linaonekana angani kama nukta kwenye kila shoti.

Septemba. Uhariri

Mwigizaji wa Sesilia aliambiwa asiigize kupenda katika zile sekunde nane. Atazame tu kama Chiwanga amekishika kifaa sawasawa. Sababu ni jaribio la zamani la Mrusi Lev Kuleshov: uso uleule wa mwigizaji Mozzhukhin ukiwekwa baada ya sahani ya supu, jeneza au mwanamke, watazamaji walisoma njaa, huzuni au tamaa. Uso wa Sesilia ukifuatiwa na shingo ya Chiwanga yenye jasho, kazi imekwisha. Ukifuatiwa na kifaa, ni karani. Tumeweka kifaa kwanza, kisha uso tena, kisha shingo.

Edita Mmarekani Walter Murch ameandika kwamba watu hupepesa jicho wazo linapokamilika, na kwamba mkato mzuri mara nyingi huangukia hapo. Hapa tunautumia kinyume: kila mkato wa Sesilia unatoka fremu 2 au 3 kabla hajapepesa, ili wazo libaki halijafungwa. Kupepesa kwake kwa kwanza tunakokuona ni baada ya kuitwa jina.

Ule "kimya" umekaa fremu 70, yaani sekunde 2.8. Kwa fremu 40 ulikuwa pumziko la kawaida; kwa 100 watu waliojaribiwa kuonyeshwa walidhani mwigizaji amesahau. Sauti ya Sesilia "Inaishia wapi?" inaanza tukiwa bado kwenye kiwiko, fremu 14 kabla ya kuona mdomo wake. Mikato ya kupokezana kila mtu akisema imeondolewa. Nusu ya mistari inasikika tukimtazama anayeisikiliza.

Muziki hakuna mpaka Chiwanga ageuke. Kisha ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliifikisha majukwaa ya dunia. Sauti chache, bila ngoma. Ikiingia mapema inamwambia mtazamaji ahisi nini, na kazi yote ya kiwiko inapotea.

Oktoba. Mchanganyo wa sauti na kilichobaki

Mchanganyo umelengwa kwenye -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa ajili ya YouTube. Unasikilizwa kwanza kwa spika za studio, kisha kwa simu ya bei nafuu ikiwa imelazwa mezani jikoni, bomba likiwa linamwaga maji. "Macho yao siyajui" ilipotea kwenye simu. Imepandishwa desibeli 2 na sauti ya majani chini yake imeshushwa 4. Kufunga kwa kifuniko cha kipima sukari kumerekodiwa upya karibu, maana kile kilichotoka shambani kilikuwa cha plastiki mno.

Bado: mwito wa shangazi urekodiwe tena kwa umbali wa mita 6, kwa sababu bodaboda ilipita juu ya neno "baba". Shoti ya kifaa kukabidhiwa ina tone la maji ya zabibu kwenye cheni ya saa ya Sesilia ambalo halipo kwenye shoti inayofuata. Edita atajaribu kuanza shoti hiyo fremu 9 baadaye, na ikishindikana tutatumia pembe ya lenzi ya 50. Maandishi ya chini ya Kiswahili yanaandaliwa kwa watazamaji wasiosikia, na ule ukimya umepewa alama yake ili nao wajue umekaa muda gani.